Somo la Wafanyakazi: Pima Hesabu Kabla ya Kuisema



Mjadala juu ya matajiri na maskini ni mjadala wetu. Tunaufanya shambani tukingoja mizani, tunaufanya kiwandani wakati wa chakula, tunaufanya juu ya lori tukirudi nyumbani. Mmoja husema nchi imeendelea. Mwingine hujibu kwamba walioendelea ni wachache. Mmoja hutoa hesabu aliyoisikia redioni, mwingine hutoa hesabu iliyomfikia kwa simu. King'ora kinalia, na kila mtu anarudi kazini na maneno yale yale aliyokuja nayo.

Somo hili linahusu hesabu hizo. Hatuna shaka kwamba tofauti kati ya wenye mali na wasio nayo ni ya kweli, na kwamba inaumiza. Lakini jambo la kweli likitetewa kwa hesabu ya uongo, siku hesabu inapoanguka huanguka nalo.

Tena anguko hilo haliwapati wote sawa. Mwajiri akikosea hesabu anao makarani wa kuisahihisha na wakili wa kumtetea. Mjumbe wetu akikosea hesabu mezani, siku hiyo mazungumzo ya mshahara yanageuka kuwa mazungumzo ya kosa lake, na wanaorudi nyumbani mikono mitupu ni sisi sote. Ndiyo sababu tunasema: hesabu ya kwanza kupimwa iwe ile inayotupendeza sisi wenyewe.

1. Watu wanane na nusu ya dunia

Tuanze na hesabu ambayo wengi wetu tumewahi kuisikia. Mwezi Januari 2017 shirika la Oxfam lilitangaza kwamba watu wanane tu, wote wanaume, walikuwa na mali sawa na mali yote ya nusu ya watu wa dunia iliyo maskini zaidi, yaani watu bilioni 3.6. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku moja.

Mwaka uliofuata, Januari 2018, Oxfam hiyo hiyo ilieleza kwamba takwimu bora zaidi zimepatikana. Ile hesabu ya watu 8 ikasahihishwa ikawa watu 61, na hesabu mpya ya mwaka huo ikawa watu 42. Marekebisho hayo hayakuzunguka dunia kama ile habari ya kwanza. Wapo wanaoendelea kusema "watu wanane" kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kuna jambo la pili. Hesabu hiyo ilipima mali baada ya kutoa madeni. Kwa kipimo hicho, kijana wa Marekani aliyesomea udaktari kwa mkopo, anayevaa vizuri na kula vizuri, huhesabiwa kuwa maskini kuliko kibarua mwenye kuku watatu na asiyedaiwa na mtu. Wapinzani wa Oxfam walilitumia jambo hili kuikejeli hesabu nzima.

Je, hoja imekufa? Hapana. Watu 61 wanaenea ndani ya basi moja kubwa. Abiria wa basi moja kuwa na mali sawa na nusu ya dunia ni jambo la kutisha vile vile. Lakini mtu anayesema "wanane" leo anampa mpinzani wake fimbo ya kumpigia, wakati angeweza kusema ukweli na ukweli ukamtosha.

Hapa tunajifunza maswali matatu ya kuuliza kila tuletewapo hesabu. La kwanza: nani ameisema, na mwaka gani? La pili: amepima nini, mali au mapato? Mali ni kile ulicho nacho, mapato ni kile unachopokea. La tatu: je, mwenye hesabu ameisahihisha baadaye?

2. Mstari wa umaskini unaohama

Mara nyingi wawili hubishana juu ya umaskini, mmoja akisema unapungua na mwingine akisema unaongezeka, na wote wawili wana karatasi mkononi. Chanzo chake mara nyingi ni mstari wa kupimia.

Benki ya Dunia huhesabu maskini wa kupindukia kwa kuchora mstari: anayeishi chini ya kiasi fulani kwa siku ni maskini wa kupindukia. Mwaka 2015 mstari huo uliwekwa dola 1.90. Mwaka 2022 ukawa dola 2.15. Mwezi Juni 2025 ukapandishwa hadi dola 3.00, na idadi ya waliohesabiwa kuwa maskini duniani ikaongezeka mara moja, ingawa usiku huo hakuna aliyekula pungufu ya jana yake kwa sababu ya mstari huo. Anayelinganisha hesabu ya mstari wa zamani na hesabu ya mstari mpya anapima shamba moja kwa kamba mbili zisizolingana urefu.

Tukumbuke pia kwamba dola hizo si zile za duka la kubadilishia fedha. Zimerekebishwa kufuatana na bei za kila nchi, ili kiasi hicho kinunue vitu vinavyolingana hapa na kwingineko. Kwa hiyo mtu asichukue dola 3, akazizidisha kwa bei ya dola ya leo mjini Kampala, kisha akajenga hoja juu yake. Hoja hiyo haitasimama.

3. Wastani unavyoficha watu

Sasa turudi kiwandani. Tuseme kiwanda kina watu kumi. Tisa wanapata shilingi 200,000 kila mmoja kwa mwezi. Wa kumi ni meneja, anapata shilingi 8,200,000. Mishahara yote pamoja ni shilingi 10,000,000. Ukiigawa kwa watu kumi, wastani ni shilingi 1,000,000.

Bwana mkubwa akisimama mbele ya wageni akasema, "Katika kiwanda hiki wastani wa mshahara ni shilingi milioni moja," hakusema uongo. Lakini hakuna hata mtu mmoja kiwandani anayepata milioni moja. Tisa wako mbali chini yake na mmoja yuko mbali juu yake.

Dawa yake ni rahisi. Wapange watu wote kwa mstari kuanzia mwenye mshahara mdogo hadi mwenye mkubwa, halafu umwulize aliyesimama katikati anapata kiasi gani. Katika kiwanda chetu atajibu: shilingi 200,000. Kila tusikiapo neno "wastani," iwe wa kiwanda, wa wilaya au wa nchi nzima, tuulize: na mtu wa katikati je?

4. Asilimia na shilingi

Tuseme kampuni imetangaza nyongeza ya asilimia 10 kwa wote, "bila ubaguzi." Mfanyakazi anaongezewa shilingi 20,000, anafika 220,000. Meneja anaongezewa shilingi 820,000, anafika 9,020,000.

Hapo watu wawili watabishana. Wa kwanza atasema pengo halikuongezeka, kwa kuwa meneja alikuwa akipata mara 41 ya mfanyakazi na bado anapata mara 41. Wa pili atasema pengo limeongezeka, kwa kuwa lilikuwa shilingi 8,000,000 na sasa ni 8,800,000. Ndugu, wote wawili wamesema kweli. Mmoja amepima kwa mara, mwingine kwa shilingi. Wasipoambizana wanapima kwa nini, wataitana waongo mpaka jua lizame.

Lakini darasa la wafanyakazi lisiishie hapo. Nyongeza hiyo imeigharimu kampuni shilingi 180,000 kwa wafanyakazi tisa na 820,000 kwa meneja, jumla shilingi 1,000,000. Fedha hiyo hiyo ingegawanywa sawa kwa shilingi, kila mtu kati ya wale kumi angepata 100,000. Mfanyakazi angefika 300,000, na kampuni isingetoa hata senti moja zaidi. Hesabu kama hii, iliyofanywa kwa utulivu na kuandikwa kwenye karatasi, ina nguvu mezani kuliko kelele za asubuhi nzima.

5. Mshahara upimwe kwa unga

Dai lingine tunalolisikia ni hili: "Mishahara imepanda, basi wafanyakazi wanalalamika nini?" Tulipime.

Tuseme mwaka jana ulipata shilingi 200,000, na kilo moja ya unga wa mahindi ilikuwa shilingi 2,000. Mshahara wako ulikuwa sawa na kilo 100 za unga. Mwaka huu unapata 220,000, lakini kilo imefika 2,500. Mshahara wako sasa ni sawa na kilo 88. Karatasi ya mshahara imepanda, sufuria imeshuka. Ili ubaki pale ulipokuwa ulihitaji kupata shilingi 250,000.

Hapa pia tuwe waaminifu. Haifai kuchagua kitu kimoja kilichopanda sana na kunyamazia vilivyoshuka. Mtu hali unga peke yake; analipa kodi ya chumba, karo, sabuni, mkaa na nauli. Ofisi ya Takwimu ya Uganda hutoa kila mwezi hesabu ya mwendo wa bei za vitu vingi pamoja. Kila tawi liwe na mtu mmoja wa kuifuatilia hesabu hiyo na kuiweka kando ya bei za soko letu wenyewe, zikaandikwa tarehe ile ile kila mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na madai bila daftari ni hivyo hivyo.

6. Elfu sita za mwaka 1984

Katika kila mjadala wa mshahara nchini Uganda hutokea mtu akasema, "Kima cha chini cha mshahara katika nchi hii ni shilingi 6,000 kwa mwezi." Mwingine hudakia, "Uongo, hakuna kima chochote." Nani mkweli?

Ni kweli kwamba mwaka 1984 kiliwekwa kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi. Lakini tuulize swali ambalo wengi hulisahau: shilingi zipi? Mwaka 1987 serikali ilibadilisha fedha, na shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kwa hiyo elfu sita za 1984, zikihesabiwa kwa fedha iliyokuja baadaye, ni shilingi 60. Anayesema "elfu sita" bila kutaja mabadiliko ya fedha amelipunguza jambo hili badala ya kulikuza. Hapo tunaona kwamba kupima hesabu hakumsaidii mwajiri peke yake. Mara nyingine ukweli ni mchungu kuliko uvumi.

Na yule anayesema hakuna kima? Naye ana sehemu ya kweli, kwa sababu kima kisichonunua hata kiberiti hakimlindi mtu. Tena mwezi Februari 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kurekebisha sheria ya kima cha chini, na mwaka huo huo Rais akakataa kuutia saini. Mjumbe anayelisimulia jambo hili kwa mpangilio, yaani 1984, 1987 na 2019, hawezi kunyamazishwa na mtu aliyeshika kipande kimoja tu.

7. Hesabu ya kweli, hukumu ya uongo

Ndugu, lipo kosa kubwa kuliko kukosea tarakimu. Ni kuwa na tofauti ya kweli mbele ya macho yako, kisha ukaonyeshwa adui asiye yeye.

Wazee wetu wanaikumbuka Uganda ya 1972. Ilikuwa kweli kwamba sehemu kubwa ya biashara ya mijini, vinu vya kuchambulia pamba na mashamba makubwa ya miwa vilikuwa mikononi mwa watu wenye asili ya Asia. Ilikuwa kweli pia kwamba tofauti hiyo ilikuwa na historia yake: serikali ya kikoloni iliwazuia wakulima Waafrika wasichambue pamba yao wenyewe, na mwaka 1949 katika Buganda palitokea ghasia ambazo dai lake mojawapo lilikuwa hilo. Lakini haikuwa kweli kwamba kila Mwasia alikuwa tajiri. Miongoni mwao walikuwamo makarani, walimu, mafundi na wenye viduka vidogo vijijini.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 za kuondoka nchini. Wananchi waliambiwa kwamba sasa uchumi ni wao. Maduka na mali zikaenda kwa nani? Nyingi zilikwenda kwa askari na wenzao waliokuwa karibu na utawala, wale ambao watu waliwapa jina la mafuta mingi. Mfanyakazi wa shamba la miwa hakugawiwa hata ekari. Viwanda vya sukari vilianguka, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikapanga foleni kuitafuta. Sabuni na chumvi nazo zikawa vitu vya kubahatisha. Mwaka 1985 shamba na kiwanda cha Kakira vilirudishwa kwa familia ya Madhvani, na kazi ya kuvifufua ikaanza.

Pima basi dai lile la 1972. Hesabu ya tofauti ilikuwa na ukweli ndani yake. Hukumu iliyotolewa juu yake haikuondoa tofauti; ilibadilisha wenye mali tu, na mfanyakazi akabaki bila sukari na bila ajira. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba mshahara wako ni mdogo kwa sababu ya wakimbizi, au ya Wanyarwanda, au ya Wakongo, au ya wanawake walioajiriwa juzi, usimkubalie upesi wala usimtukane. Mwulize: ni nani aliyekipanga kiwango cha mshahara? Nani anatia saini mkataba? Huyo kibarua unayemtaja, amepata kikao gani cha kupanga mshahara wangu?

8. Namna ya kubishana na mwenzako

Lengo la mjadala kati ya wafanyakazi ni kuwa na neno moja la kweli la kupeleka mezani. Kwa hiyo tushike mambo haya.

Kwanza, uliza kabla ya kupinga. "Ndugu, hesabu hiyo umeitoa wapi?" ni swali la heshima. "Wewe mwongo" si swali, na huyo uliyemtukana kesho utamhitaji kwenye mgomo au kwenye msiba.

Pili, kusema "sijui, nitauliza" si aibu. Aibu ni kuitunga hesabu papo hapo ili usishindwe mbele ya watu.

Tatu, asiitwe msaliti mwenzetu anayeuliza ushahidi wa dai la chama. Anayetuuliza kabla hatujaingia mezani anatuokoa na yule atakayetuuliza tukiwa mezani.

Nne, kipimo kiwe kimoja kwa pande zote. Mwajiri akisema kampuni imepata hasara, tuulize vile vile: mwaka gani, na miaka mitatu iliyotangulia ilikuwaje? Vitabu vimekaguliwa na nani? Hasara hiyo ni kabla au baada ya kulipa ada kwa kampuni mama iliyoko ng'ambo?

Tano, tuanze na karatasi iliyo mikononi mwetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa, kila anapolipwa, hati ya maandishi inayochanganua mshahara wake na makato yake, kwa lugha anayoweza kuielewa. Hati hiyo isifungiwe maandazi. Kwa mfano, mchango wa hazina ya akiba ya wafanyakazi ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Kwa mshahara wa shilingi 200,000, hiyo ni 10,000 yako na 20,000 yake, jumla 30,000 kila mwezi. Kama umekatwa 10,000 na katika hazina hakuna kilichofika, hilo ni dai ambalo hakuna wakili wa kulipangua kwa maneno.

9. Kazi ya kikundi

Tawi likutane kwa saa moja, watu wasizidi kumi na watano, mmoja awe katibu wa kuandika. Mjadili maswali haya:

(a) Taja dai moja juu ya matajiri na maskini mlilolisikia wiki hii. Nani alilisema, na mwaka gani? Limepima mali au mapato?

(b) Kila mtu aandike mshahara wake wa mwaka jana na wa mwaka huu, kisha agawe kwa bei ya kilo ya unga ya kila mwaka. Nani amepanda na nani ameshuka?

(c) Katika kazi ya kulipwa kwa kilo, bei ya kilo ni moja kwa wote. Je, wachumaji wote hupewa viwanja vyenye majani sawa? Wanawake na wanaume hufikisha mshahara sawa mwisho wa mwezi? Msijibu kwa kukisia, leteni hati.

(d) Ni dai gani la tawi letu ambalo likiulizwa ushahidi leo tutashindwa kulitetea? Nani atautafuta ushahidi huo, na ataleta jibu tarehe ngapi?

Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na katibu aandike jina na tarehe. Dai likipata ushahidi, liingie kwenye orodha ya madai. Likikosa, litolewe bila kinyongo. Orodha fupi ya madai yaliyopimwa itatufikisha mbali kuliko orodha ndefu ya madai ya kusikia.